Saa Sita za Povu

Saa tatu usiku, Nkuhungu, umeme umerudi.
Naziba tundu la sinki kwa kitambaa
tangu ile Jumanne lenzi ya kushoto iliponiponyoka,
ikazunguka mara moja, ikadidimia.
"Idodomya," akasema mama mkwe pale mlangoni,
kama walivyosema walioona tembo akizama,
akacheka mpaka akashika ukuta,
mimi nikihesabu nusu ya mshahara
iliyokwenda na maji machafu.

Mikono kwanza. Sabuni isiyo na manukato,
kisha taulo lisiloacha nyuzi.
Maji ya bomba yakomee hapo, viganjani.
Yana chumvi, birika linajua, limeota ukoko mweupe;
na hata yangekuwa matamu kama mvua ya kwanza,
jichoni mwangu hayana mlango.

Macho haya ni mepesi kununa.
Dawa ya kwanza iliyawasha, ya pili iliyavimbisha.
Daktari Ndahani akaniandikia hii ya kofia nyekundu,
akanitazama kama anayemkabidhi mtoto kisu:
"Ikiwa mbichi haigusi jicho. Isubiri."
Nikaitikia.
Usiku wa tatu sikusubiri.
Sitasimulia. Jirani, Mama Chidosa,
alikuja na panga akidhani ni mwizi.

Sasa nasubiri.
Kila lenzi kikapuni mwake, dawa hadi kwenye mstari,
nafunga, na povu linaanza,
dogo dogo, kama pombe ya mtama inayochachuka.
Saa sita.
Kila chupa mpya na kikopo chake kipya;
cha zamani nakitupa, kizuri vilevile,
roho ikiniuma.

"Si uvae miwani tu?" anauliza mume wangu, nusu usingizini.
Kioo cha jicho langu kimechongoka,
kilima katikati ya tambarare,
na miwani haipandi kilima.
Lakini keshakoroma.

Alfajiri povu limekufa, kikopo kimetulia.
Nje upepo wa Agosti unaokota vumbi
kuanzia barabarani, nyumba hadi nyumba.
Nafunga dirisha. Nanawa tena.
Ya kulia. Ya kushoto.
Napepesa.

Ukutani kuna ufa niliodhani fundi aliuziba.
Uani mama mkwe anachagua mchele kwenye ungo,
na kutoka hapa, hatua kumi nzima,
naiona chuya aliyoiruka.
Nanyamaza.