Sitini na Tatu, Sitini na Nne

Sijakigusa.
Mikono iko mapajani, kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho,
na kifundo cha kwanza kinasema sitini na tatu,
sitini na nne, sitini na tatu, sitini na nne,
kama mtoto aliyetumwa dukani
anayerudia bei njiani asiisahau.

Saa sita usiku, Njoro. Kopo la biskuti
lililokuwa na nyuzi na vifungo vya mama
sasa lina voliumu nane za redio zilizofia Kiborloni,
bodi moja ya sakiti, na waya nyingi kuliko akili yangu.
Lilipaswa kuiongoza kompyuta:
zungusha hapa, zeze lipande,
zungusha pale, ngoma ijifiche.
Linatetemeka tu.

Nilianza kwa kulaumu watu.
Nikalaumu umeme wa shirika. Nikalaumu friji ya Mama Ndekirwa
inayokoroma nyuma ya ukuta kama mpangaji wa tatu.
Nikagonga, nikaomba aizime dakika tano.
Aliizima. Akasimama mlangoni na kanga ya kulalia,
akauliza, "Imepona?"
Sitini na tatu. Sitini na nne.
"Basi niache na maziwa yangu."

Nikang'oa chaja ya simu. Nikazima taa,
tochi nimeiuma kwa meno.
Nikabaki na betri ya laptopu peke yake.
Nikabadili voliumu. Nikasoma programu mstari kwa mstari
nikitafuta dhambi ya mkono wangu.

Elifuraha, kwenye simu, sauti imejaa usingizi:
"Iambie isikilize mara nane ndipo iseme."
Nikaiambia. Kifundo kikatulia kweli,
lakini kikawa kizito; nikikizungusha
kinajibu kama karani aliyekwisha funga dirisha.
Nikafuta. Utulivu wa namna hiyo siutaki.

Kisha, kwa uchovu tu, nikaegemeza kidole kwenye bati.

Kimya.
Sitini na tatu. Sitini na tatu. Sitini na tatu.
Nikainua kidole: nne, tatu, nne.
Nikakirudisha: kimya.
Nakiri, nilikaa hivyo kitambo,
nimeligusa kopo kama paji la mtoto mwenye homa,
mwili mzima umegeuka kipande cha waya kilichokosekana.

Chuoni waliuita waya wa ardhi. Kwa mafundi ni ethi.
Mweusi, hauna makuu,
ila kila volti hupimwa kuanzia kwake,
na huko chini wasipokubaliana sifuri iko wapi,
huku juu kila mmoja husema kweli
na hesabu hazilingani.
Baba na baba mdogo walipima kihamba kwa hatua,
kila mmoja akianzia sale analolijua yeye.
Mpaka leo.

Nikafungua kopo. Waya mweusi ulikuwepo,
umelala juu ya lehemu yake, unapendeza kabisa.
Nikauvuta kwa ukucha. Ukaja
bila ubishi, kama jino la utoto.
Lehemu ilikuwa ya kijivu, imekunjamana:
iliganda kabla ya kushika.
Niliichoma mwenyewe, Jumanne, nina haraka.

Pasi ikapata moto. Nikakwangua bati mpaka pakang'aa,
farasi aliyechorwa kwenye kopo akapoteza mkia.
Moshi mwembamba, harufu ya utomvu.
Kwa kila voliumu nikaongeza kapasita
ndogo kama punje ya dengu.

Saba vimetulia kama mawe ya mto Karanga.
Cha tano bado.
Sitini na tatu, sitini na nne.
Sijui kwa nini, na pasi imepoa.
Nimekiunganisha na filimbi, itetemeke nacho.

Alfajiri Mama Ndekirwa amegonga ukuta:
"Huyo anayepuliza, ni nani?"