Siku Mia na Arobaini

Profesa Kütt alinipa miezi mitatu.
"Hiie, soma kila kilichoandikwa kuhusu barafu ya ziwa letu,
kisha uniambie kipi cha kuaminiwa."
Nikaenda. Tartu ilikuwa imezama thelujini,
maktaba ina joto, soksi zangu zinakauka juu ya bomba.

Nilichapa maneno mawili: ziwa, barafu.
Makala elfu kumi na moja zikaniangukia.
Nikaongeza neno, zikabaki mia nne.
Nikaongeza jingine, ikabaki moja,
nayo ilihusu viwanja vya kuteleza vya Kanada.
Neno lile nikalifuta.

Siku zikaenda hivyo, kazi ya ungo:
hizi chuya, hizi chenga, hizi labda mchele.
Hii haina mbinu. Hii ina mbinu, haina data.
Hii imelipiwa na kampuni ya boti za utalii
na, ajabu, imeona maji yakifunguka mapema kila mwaka.
Hii ni safi mno, ikanitia wasiwasi,
nikaisoma mara tatu nikitafuta ufa.

Lakini zote, nzima na mbovu, zilishika namba moja:
zamani barafu ilikaa siku mia na arobaini.
Waliogombana kwa kila kitu walipatana hapo.
Lisemwalo lipo, nikajisemea,
na kama halipo...
Hapo kalamu ikasita.
Nani alilisema kwanza?

Makala ya 2017, yenye grafu ya rangi sita,
ilinielekeza kwa ya 1998, yenye jedwali.
Ya 1998 ikanipeleka kwa kitabu cha Kirusi cha 1974,
kilichosema "imethibitishwa", bila kusema na nani.
Nacho kikanisukuma kwa kijitabu cha 1931,
kilichosema "inakadiriwa",
neno moja la unyenyekevu
lililoanguka njiani, asirudi mtu kuliokota.
Na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za usubi,
tanbihi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nikainama.

Bi Endla wa chumba cha nyaraka
alininyang'anya kalamu, akanipa penseli.
Kisha akaniletea daftari la mwalimu wa parokia, 1868,
Kijerumani cha mkono uliolala kama nyasi baada ya mvua.
Siku mbili nilijifunza herufi zake tu:
e yake nikiisoma n, majina ya watu yakinivunjikia mdomoni.
Siku ya tatu akaanza kusema nami.

"Ziwa liliganda siku mia na arobaini,
kwa maneno ya Jaak msagishaji.
Mimi nilikuwa kitandani na homa tangu Noeli,
sikuliona hadi maji yalipofunguka.
Jaak hupenda kuzidisha."

Nilicheka. Bi Endla akanitazama juu ya miwani.
Kicheko kikaniishia mwenyewe.

Mwaka mmoja tu. Mtu mmoja,
naye hata dirishani hakufika.
Juu ya shuka lake lenye jasho
tumejenga jedwali, na juu ya jedwali grafu,
na juu ya grafu nilikuwa karibu kujenga miye.
Lakini katika foleni ile yote ya wasomi
yeye peke yake aliniambia alichokiona,
asichokiona,
na nani alimzibia pengo.

"Kwa hiyo tuitupe?" Profesa aliuliza,
akikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.
Sikumjibu pale pale. Nje walikuwa wanakwangua barabara,
na sauti ya koleo ilikuwa kama mtu anayefuta.

Usiku ule nikaandika aya moja kwa saa nne.
Namba niliiacha. Jaak nilimweka, na tabia yake.
Na yule mwalimu,
waliyemponya mwaka 1931 bila dawa,
nikamrudishia homa yake.