Mia Tano

Saa saba usiku, Umoja.
Kerubo ananipigia: duka limezimika,
ukurasa mweupe kama shati jipya
na katikati tarakimu tatu tu, 500.
Kuna mteja, asema, ameshauliza:
sare zote sasa ni mia tano?

Shule zinafunguliwa Jumatatu.

Nafungua kumbukumbu za seva.
Mistari myekundu, yote inanung'unika,
hakuna hata mmoja unaotaja jina.
Basi nazima programu-jalizi moja moja
kama mtu anayesaka panya
kwa kuhamisha magunia.
Ya malipo: bado. Ya picha: bado.
Ya ramani. Bado.
Stima inapepesa; naisihi isikatike.

Imebaki ile ndogo, ya kudondosha theluji
juu ya ukurasa, msimu wa Krismasi.
Niliiweka mimi. Bure. Nilisema itapendeza.
Jana usiku ilijisasisha yenyewe.

Naifuta. Duka linarudi:
sweta za kijani, soksi, kaptura,
bei ni zilezile.

"Ilikuwa nini?"
Nje, Januari; vumbi limelala juu ya magari.
"Theluji," nasema.
Anacheka mpaka salio linakwisha,
kabla hajauliza nani aliileta.