Ubao wa Kibanda cha Maji

Ijumaa iliyopita, mvua ya saa tisa ilipokwisha kupita
na ubao kukauka kiasi cha kupokea chaki,
niliandika kama nilivyoandika posta miaka ishirini na minane:
herufi zimesimama wima, hakuna mkia wa kujipamba.

Kondoo wa Lihanda amepatikana. Alikuwa kwa Lihanda, nyuma ya tangi.
Ufunguo wenye kamba ya bluu uko kwangu.
Kwa akina Ingaiza amezaliwa mvulana, kilo tatu na nusu;
mama yake aomba mapapai mabivu, ushauri anao tele.
Fyekeo letu la pili halijarudi tangu Pasaka.
Aliyelichukua anajijua. Nasi tunamjua.

Kesho saa moja asubuhi ni kazi ya uwanja.
Uwanja, nasema, ingawa mgeni wa Kakamega
ataona pembetatu tu ya nyasi
kati ya mtaro na barabara ya trekta za miwa,
mijakaranda miwili, benchi la zege lililopasuka mgongo,
na kichuguu.

Kuhusu kichuguu:
kumbikumbi wametoka mara mbili mwezi huu
na mara zote mbili mtu kakifunika blanketi
akasema ni chake, maana kakiona kwanza.
Kamati imekaa. Kamati imekula.
Uamuzi: kichuguu ni cha wote, blanketi ni la mwenyewe,
na atakayechimbua nyasi
atazirudishia kwa vidole vyake, shina kwa shina.

Halafu, chini kabisa, kwa chaki nyekundu,
nikaandika jina moja na kulipigia mstari:
MUKABWA, NYUMBA TISA. JUMAMOSI NNE HAONEKANI.
Nilirudi nyuma hatua mbili kulitazama.
Lilikuwa limekaa sawasawa.
Sitasema uongo, nilifurahi.

Jumatano goti liliniamsha, saa kumi ya usiku.
Nje, kitu kilikuwa kinasema fyaa.
Kinanyamaza. Fyaa.
Nikadhani ng'ombe wa mtu yuko kwenye maua ya Khasoa,
yale aliyoyapanda mwaka ule kabla hajatuacha,
nikatoka na kurunzi na fimbo na matusi tayari mdomoni.

Ni Mukabwa.
Ametoka zamu yake ya kuoka mkate,
unga kichwani, mvi za kuazima,
suruali imekunjwa hadi gotini, umande mpaka kwenye paja,
na mkononi fyekeo letu la pili,
limenolewa likanoleka, mpini mpya wa mpera.

Nilimulika nyuma yake: nusu ya uwanja imelala chini
kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa kesho shule.
Na mtaro ule, ambao kila Jumamosi
tulijisifu kuwa hauzibi kwa sababu yetu,
ulikuwa na rundo la nepi na majani pembeni, bichi,
limetolewa usiku huo huo.

Akasema, Mchana nalala, mama. Nyasi haziulizi saa.
Kisha akauangalia ubao kule, kwenye giza,
akasema, Usiniandike.
Akanipa mkate. Ulikuwa bado moto.
Nikabaki nimeushika kama barua isiyo na anwani.

Sasa ni Ijumaa tena.
Mvua imefuta yote isipokuwa wekundu:
chaki ile sugu, nimeisugua kwa mkono wa sweta
na jina lingali linachungulia.
Lihanda amekuja, hanisalimu vizuri;
wiki nzima watu wamemtazama kwa macho ya fyekeo.
Ananiuliza nitaandika nini.

Nimeandika:
Kazi ya uwanja kesho ni saa tatu, si saa moja. Njooni kimya.
Watoto wasipige mpira karibu na nyumba tisa kabla ya adhuhuri.
Lihanda aombwa radhi, na mimi, kwa jambo analolijua.
Fyekeo la pili limeonekana. Liko kazini.
Kwarara wamerudi kwenye nyasi fupi, kumi na mmoja, wakipiga kelele.
Ufunguo wenye kamba ya bluu bado uko kwangu.