Kabla ya Kuzama

Mtihani wa mwisho tuliutua saa nane mchana,
na sasa ni saa nne usiku, jua bado limekaa
juu ya paa la kiwanda cha bia
kama mgeni asiyejua kuaga.
Tartu mwezi wa Juni haina giza la kutosha
hata la mtu mmoja kulia kwa siri.

Tuko wanne kwenye ngazi za nyuma za bweni,
viatu tumevivua, kopo la dagaa wa moshi katikati,
mkate mweusi, kisu kimoja,
na swali ambalo kila mtu analigeuzageuza
kama kiazi kilichotoka jivuni:
miezi hii miwili, kabla Septemba haijatumeza,
utafanya nini?

Kertu hesabu zake zimekamilika.
Atavuka Ghuba kwa meli ya alfajiri
akachume stroberi kwa Wafini,
kilo kwa kilo, kikapu kwa kikapu,
hadi kodi ya chumba ifike Februari.
Na mgongo?
"Mgongo nitaukopa kwa mama," anasema,
"naye aliukopa kwa bibi.
Ukoo wetu haujawahi kulipa deni hilo."
Tukacheka. Kisha tukaacha kucheka, kila mmoja kwa wakati wake.

Leelo ana orodha: vitabu arobaini,
imebandikwa kwenye jokofu, usawa wa maziwa ya watu wote.
Viwili tayari vimepigwa mstari.
Nilikuwepo alipovipiga mstari. Hakuwa amevifungua.
Sikusema kitu. Falsafa ni yake, kalamu ni yake.

Urmas atapanda baiskeli kwenda kusini
kuhesabu viota vya korongo juu ya nguzo za umeme.
Basi. Hana la kuongeza.

"Na wewe, Zinovia?"

Nikasema: vitunguu.

Kwetu ni ukingoni mwa ziwa Peipsi,
kijiji chenyewe ni barabara moja tu na ndevu za wazee,
matuta yameinuliwa juu kama vitanda vya hospitali.
Baba hapalilii kwa jembe.
Anapiga magoti, anapalilia kwa vidole,
jani kwa jani, uso karibu na udongo,
kama anayejaribu kusoma mwandiko wa daktari.
Nitapiga magoti kando yake.
Agosti tutavisuka vitunguu mafungu mafungu,
tuvitundike uzioni, watalii washushe vioo vya magari
waulize bei, washangae, walipe.

Siku niliyompigia simu kwamba nimepata nafasi ya uzamivu
alinyamaza hadi nikasikia bomba likidondosha maji upande wake.
"Uzamivu," akasema, akilipima neno. "Unazama wapi?"
Humo humo ziwani, baba.
Nitachoma bomba refu kwenye tope la chini,
nilitoe, nilipasue, nisome tabaka moja moja:
majivu ya moto upi, chavua ya mti upi,
ni lini mtu wa kwanza alipanda kitu ukingoni
akaketi kungoja.
"Miaka mingapi?"
Minne.
"Na mtu akizama miaka minne, anavuta pumzi gani?"

Sikuwa na jibu. Maji nimeyavulia nguo,
kuyaoga sina budi, hilo nalijua,
ila aliuliza jambo jingine.

Sasa mafuta ya dagaa yananitiririka hadi kiwiko,
Kertu na Leelo wanagombania kipande cha mwisho,
na jua limeinama nyuma ya paa,
halikuzama, limejibanza tu,
litarudi kabla hatujaosha kisu.
Nadhani pumzi yenyewe naijua.
Ina urefu wa wiki tisa.
Inanuka vitunguu.

Urmas anauliza kama nimesinzia.
Nainua kidole: ngoja.
Naivuta.