Kushoto Kwake

Goti langu limestaafu kabla yangu,
na kondoo wa Sandoy hawajui habari za goti:
wanapanda tu, wanapanda,
hadi pale majani yanapomezwa na ukungu.
Ndipo Høgni wa bandarini akaniuzia droni
kwa kondoo wawili, mmoja wao chongo.
"Sunnvør," akasema, "hata mtoto hurusha."
Mtoto hana miaka sitini na mitatu.
Mtoto hana vidole vilivyokomaa na mkasi wa sufu.

Siku ya kwanza haikuruka.
Nilisahau kuivua kamera kile kigandamizo cha plastiki,
ikatetemeka mezani
kama mgonjwa anayekataa uji.

Siku ya pili iliruka
hadi kwenye kamba ya nguo.
Mbwa alicheka. Najua mbwa hawacheki.
Huyu alicheka.

Kisha siku tano za kungoja,
kwani huku kwetu upepo ndiye mwenye nyumba
na sisi ni wapangaji wenye madeni.

Kijiti cha kushoto: panda, shuka, geuza uso.
Kijiti cha kulia: nenda, rudi, jongea pembeni.
Nilikariri nikimenya viazi,
vidole gumba vikipapasa hewa.
Ila hili Høgni hakunitajia:
ikikupa mgongo, ni mtiifu;
ikigeuka kukutazama,
kushoto kwako si kushoto kwake.
Nilisukuma kushoto, ikaenda kulia.
Nikasukuma zaidi, kwa hasira,
ikaenda kulia zaidi, kwa utii uleule,
ikatua juu ya ghala, katikati ya nyasi za paa.
Nikapanda ngazi. Goti lilitukana,
nami nikaitikia.

Membe nao walikuja, wawili,
wakaishukia kwa makelele wakidai kodi ya anga.
Nikajifunza kupanda haraka.
Nikajifunza kutofumba macho.

Leo asubuhi upepo umelala.
Mita sitini.
Kwenye kioo kisichozidi kiganja
nimeona kitu chekundu uwanjani,
nikadhani ni ndoo niliyoisahau.
Nikainua mkono kujikuna sikio.
Ndoo nayo ikainua mkono.

Kondoo nimewaona, kumi na wanane,
wametulia nyuma ya jabali kama watoro wa shule.
Ningeweza kuishia hapo.

Lakini kulikuwa na njia.
Ukisimama chini huioni.
Ukiwa juu, jua likiwa bado limelala ubavu,
nyasi hazifichi kitu:
ufito mwembamba, kazi ya buti za miaka,
kutoka mlango wa kaka yangu Eyðun
hadi ukuta wetu wa mawe.
Unafika. Unakanyagika mahali pamoja, duara dogo.
Unarudi.

Miaka kumi na tisa hatusemezani,
kisa mita nne za malisho ya marehemu baba
ambazo hata kondoo hawazipendi.
Na upande wangu wa ukuta
nyasi zimesimama wima,
hazijainamishwa na mguu wa mtu.

Betri ikaanza kulia: asilimia ishirini.
Kipo kitufe cha kuirudisha nyumbani yenyewe,
hata rubani akizimia.
Sikukigusa.
Nikavuka ukuta. Mimi chini, jicho langu juu.

Akatoka na ndoo ya viazi,
akakinga macho, akaitazama.
Amepungua. Kipara kimefika kisogoni,
na tangu lini anavaa sweta lililotoboka?
Akachagua kiazi, akakipima uzito,
akakitupa angani kwa nguvu zote.
Kilikosa kwa mbali, kikaangukia rabarba zake.

Kwenye kioo mkono ule ulikuwa kulia.
Hesabu hiyo nilishaijua:
bado anatupa kwa kushoto,
kama alivyorusha vijiwe ziwani
mimi nikihesabu miruko, nikimwibia mmoja.

Akainama kutafuta kiazi kingine.
Asilimia kumi na moja.
Nikaiacha ining'inie palepale, imsubiri,
vidole gumba vimetulia
kwa mara ya kwanza.