Asilimia Kumi na Mbili

Lusekelo ananifunga mkanda kila kidole,
vidole vitano, mikanda mitano,
kama anayefunga kuku wa kwenda mnadani.
"Tulia, Baba Kihwele." Nimetulia.
Upande huu umetulia tangu Jumatano ile ya Mei
niliposhuka mianzini, njia ikalala ubavu,
na kisu cha kugemea kikawa chini
wala sikumbuki kukiachia.

Sasa machungwa yanadondoka kwenye kioo cha mashine
na kapu lisilo na uzito linangoja mkono wangu.
Nilidhani chuma kitanivuta tu, kama ng'ombe wa plau.
Kumbe kinasubiri.
Kinasikiliza kwanza kama kuna kitu kinakuja kutoka begani,
hata tetesi;
nikishindwa ndipo kinasukuma,
na mwisho kinaandika hesabu bila aibu:
mgonjwa kumi na mbili, mashine themanini na nane.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Hapa mgema ni mimi, nasifiwa mimi,
anayetia maji ni mashine.
"Vizuri sana!" anasema Lusekelo, huku anaminya kitufe,
na msaada unapungua, na jasho, Mungu wangu,
jasho la kunyanyua chungwa la picha
kwa mkono uliobeba mbeta nne mteremko mzima.

Wageni wakija nyumbani, "Kamwene," mkono mbele.
Wa kushoto haumsalimu mkwe.
Mke wangu anaitwa Sikujua; jina alipewa na bibi yake,
mimi ndiye niliyekuja kulistahili.
Miezi tisa ameuinua mkono wangu wa kulia
kwa mikono yake miwili, kama mtungi wenye ufa,
akaukabidhi kwa mgeni, kisha akaurudisha pajani.
Vifungo vya shati. Kijiko. Kucha.
Asilimia zake hazikuandikwa popote.

Mwanzi unachongwa asubuhi na jioni;
ukiusahau siku mbili unafumba jicho, hautoi tena.
Nilimweleza Lusekelo. Kwao Rungwe ni ndizi na chai,
habari za ulanzi hazijui, lakini aliandika kwenye daftari
na kesho yake nikamsikia akimwambia mgonjwa mwingine
kana kwamba alifundishwa chuoni.

Leo kioo kimesema kumi na tisa.
Nikarudi nayo Kilolo mfukoni, kama mshahara.
Jioni kijana wetu akaleta togwa, mbeta akaiweka mezani.
Nikapeleka mkono.
Vidole vikajikunja, kimoja, halafu kingine,
gumba likafika mwisho
kama mzee wa kanisa aliyechelewa ibada,
na mbeta ikanyanyuka, upana wa kisu tu.
Sikujua aliweka viganja vyake chini ya mkono wangu,
karibu, bila kugusa.

Ilimwagika. Meza, suruali, mbwa akaja mbio.
Hakufuta. Alimimina nyingine.
"Tena," alisema.